Mwenye Namba Aje Mwenyewe

Bukavu, Nyalukemba, tarehe 12 Februari 2024

Mujukulu wangu Aurore,

Asinge. Mimi niko muzima. Goti la kushoto ndilo peke yake linataka kuniamuru, na unajua sijazoea kuamuriwa. Mama yako mudogo Christine ametuma salamu kutoka Uvira, anasema watoto wamekonda juu ya joto na yeye amenona juu ya wali. Kuku mweupe anaatamia mayai tisa chini ya kitanda changu. Nikigeuka usiku ananigombeza. Padri amebadilishwa, huyu mupya anahubiri haraka kama mutu aliyeacha chungu kwenye moto.

Wewe, ulifika? Delphin, huyu anayepeleka sabuni na mafuta kule kwa ndege, ameniambia ndege za Shabunda zinatua juu ya majani kama nzige. Umesoma miaka yote hiyo ili ukatue juu ya majani. Sawa.

Sasa tuje kwa neno lenyewe. Siku uliyoondoka uliacha karatasi moja juu ya meza. Ulifikiri koko, bibi yako, hataisoma. Nilifika mwaka wa tatu kwa masista wa Nyantende, na kama baba yangu hangenitoa kwenda kulinda ndugu zangu, leo ningekuwa nimekupita. Nimeisoma siku mbili, kidole chini ya kila neno. Juu umeandika: watumiaji walio dhaifu mbele ya benki na feza za simu. Chini umeandika watatambulika namna gani. Umri kupita miaka makumi sita. Mujane. Hakumaliza shule ya msingi. Hana mushahara. Anaishi peke yake.

Nikahesabu kwa vidole. Mukono mzima ni mimi.

Aurore! Ni mimi ulikuwa unaandika? Mimi mudhaifu? Mimi niliyebeba kabichi kutoka Nyantende mpaka mjini, kamba kwenye paji la uso, na wewe ukiwa umekaa juu ya zile kabichi ukila mkate? Nani alilipa shule yako? Udhaifu ndio ulilipa? Utanijibu hapo.

Chunga maji ya kunywa. Usinipigie simu, iko kwa fundi.

Koko yako,
Eulalie


Shabunda, tarehe 5 Machi 2024

Koko wangu wa heshima,

Asinge sana. Barua yako ilinifikia baada ya siku kumi na saba, imekunjwa ndani ya katoni ya sabuni ya Tonton Delphin, na mpaka sasa nikiifungua inanukia kufua. Mimi ni mzima. Nakula mihogo na samaki wa mto Ulindi, nimepata rafiki hapa, Maman Francine, ambaye anapika sombe karibu kama yako. Nimesema karibu, usikasirike. Msalimie mama mdogo ukipata mtu wa Uvira, na huyo kuku pia.

Kuhusu ile karatasi, naomba msamaha. Neno hilo silo langu, limetoka kwa profesa, na yeye amelitoa kwenye vitabu. Halisemi kwamba mtu hana nguvu. Hapa naona wanawake wanabeba maharagwe na mafuta mgongoni siku mbili porini mpaka kwenye machimbo. Wachimbaji wanawalipa kwa dhahabu, wanaipima kwa vijiti vya kiberiti, na mama anaishona ndani ya pindo la kitenge kwa sababu hana pahali pengine pa kuiweka. Huyo si dhaifu. Ila mlango wa benki umewekwa mahali asipofika, na wenye mlango wanasema ni miguu yake ndiyo mifupi. Mimi nimekuja kuandika habari za mlango. Karatasi yangu haikulisema hilo vizuri, na wewe umeliona kabla ya profesa.

Kuna jambo nimelikuta huku, nataka kukuuliza, maana wewe unajua wanawake wengi sokoni. Nimeongea na wajane kumi na wawili wenye simu. Wanne kati yao, Maman Francine akiwa mmoja wao, namba ya simu ina jina la mume aliyekufa. Siku simu ikipotea, hawawezi kuipata tena ile namba, na pesa iliyo ndani yake inabaki humo. Huko Bukavu kuna mama wa namna hiyo?

Rezo inapatikana hapa mara moja moja, juu ya kilima cha misheni. Nimepanda mara sita kukupigia. Kila mara wanasema haupatikani. Huyo fundi anatengeneza simu au anaijenga upya?

Mjukuu wako,
Aurore


Bukavu, tarehe 2 Aprili 2024

Aurore,

Asinge. Pasaka imepita vizuri, kanisa lilijaa mpaka nje. Mayai tisa yametoa vifaranga saba. Mvua imebomoa ukuta wa jirani, ukaangukia choo chake mwenyewe, hakuna aliyeumia, tumecheka. Maman Godelive wa Nyantende anakusalimia, anauliza kama umeolewa. Nimemuambia umeolewa na makaratasi.

Kile ulichosema juu ya mlango nimekisoma mara nne. Ni kizuri. Ukitaka kukisema mbele ya wakubwa, kiseme polepole.

Wanawake wetu wa Nyantende, unawajua, tuko kumi na tano. Mwaka huu tena tunataka lile shamba la bondeni kwa Papa Cyprien. Anataka alipwe mbele ya tarehe 31 Mei, kwa kuwa kiangazi ndipo bonde linakauka na mutu anaweza kulima. Siku ikipita, anapatia wengine. Na bila bonde, mwezi wa nane na wa tisa hakuna kabichi, hakuna soko, na watoto wa watu wanarudi shule na nini? Basi. Ni habari tu nakupatia.

Sasa, kuna maman mumoja, humujui. Ni mutu wa mbali, anauza upande wa Kadutu. Yeye ameniuliza jambo. Anasema simu yake imeibiwa ndani ya soko, na ile namba ilikuwa na feza za wenzake, na iliandikwa jina la bwana yake, na bwana yake si wa dunia hii. Kwenye buro ya kampuni ya simu wamemufukuza. Huyo maman afanye nini? Andika wazi, maana yeye ni mjinga kidogo, mimi nitamueleza.

Mukono wangu umechoka.

Eulalie


Shabunda, tarehe 22 Aprili 2024

Koko wangu,

Asinge. Nimefurahi kwa vifaranga saba. Nilipata homa kidogo lakini imekwisha, Maman Francine alinichemshia majani machungu, nikapona ili asinichemshie tena.

Mwambie yule maman wa Kadutu kwamba yeye si mjinga hata kidogo. Aliyemuuzia namba barabarani ndiye alipaswa kuangalia karte ya kitambulisho ni ya nani, na hakuangalia kwa sababu alilipwa kwa kila namba aliyouza. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya mengine.

Halafu: kampuni haiwezi kula ile pesa. Kuna njia ya warithi, ila hawaitangazi dirishani. Aende kwanza komine, kwenye ofisi ya serikali, apate karatasi ya kifo cha mumewe. Kisha parokiani atoe karatasi ya ndoa. Kisha apate karatasi ya mrithi, akiwa na mashahidi wawili. Akifika kwenye kampuni asibaki dirishani, aombe mkubwa wa malalamiko, na aache barua yenye tarehe, wamgongee muhuri kwenye nakala yake. Hao wanawake wenzake, kama simu zao bado zina zile meseji za pesa walizotuma, wasizifute. Ndizo ushahidi.

Na jambo kubwa kuliko yote: akitokea mtu wa kabini, vile vibanda vya kutumia pesa, akimwambia atamrahisishia, akamwomba kode ya siri, amfukuze.

Kitu kigumu, Koko, ni ile karatasi ya kwanza. Wajane wa huku walikataa hapo. Mmoja aliniambia hawezi kwenda kwa karani kusema kwa mdomo wake kwamba mumewe amekufa, kwa sababu hajawahi kulisema. Nilifunga daftari, tukamenya mihogo.

Kama yule maman angependa nije, ningepanda ndege ya kesho. Mwambie.

Aurore


Bukavu, tarehe 20 Mei 2024

Aurore,

Asinge. Watu wote wazima. Vifaranga vimebaki vitano, tai amechukua viwili. Hakuna habari zingine.

Usije. Maliza kazi yako. Mimi sijalipa shule ili uje kunishika mukono.

Wewe unajua hakuna maman wa Kadutu. Nimekusoma, mwali wangu. Umeandika "mwambie" mara tatu kama mutu anayepitisha chakula chini ya mlango. Basi nafungua.

Ile simu haiko kwa fundi. Iliibiwa tarehe 3 Februari, wewe hata wiki moja haujafika kule. Nilienda kwenye buro ya kampuni, nikiwa nimevaa vizuri. Binti mwenye kucha ndefu akaandika namba kwenye mashine. Akaniuliza, "Maman, namba hii ya nani?" Nikasema yangu. "Huku imeandikwa Xavier Murhula." Nikasema ni bwana yangu. "Basi, mwenye namba aje mwenyewe na karte yake." Nikatoa karte yake, niko nayo kila siku ndani ya kitambaa. Akatazama foto, zile ndevu zake, akanitazama mimi. "Maman, nimesema mwenye namba aje mwenyewe." Nikamuambia, "Siku akikuja hapa, wewe utakuwa wa kwanza kukimbia."

Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilitoka nikicheka mpaka kwenye ngazi za nje, na pale nikakaa chini. Ni sababu ya lile goti.

Utaniuliza, kwa nini jina lake? Nitakuambia mara moja, usinirudishe hapo. Ilikuwa 2015. Babu yako alikuwa na mwaka mumoja ndani ya udongo. Muuzaji wa namba alikaa chini ya parasol kule Nguba, akaomba karte. Nilikuwa na zote mbili ndani ya kitambaa, yangu na yake. Mukono ulitoa yake. Nilijua ninachofanya, usiandike kwamba sikujua. Tangu siku ile, kila maman wa kundi letu akituma feza ya akiba ya wiki, simu yake inamuandikia: umetuma kwa Xavier Murhula. Maman Godelive alikuwa anasema kwa nguvu, katikati ya soko, "Nimetuma kwa Papa Xavier!" Na mimi najibu, "Atapokea." Miaka tisa hivyo. Mutu aliyekuwa anaamka saa kumi kunisindikiza na mizigo, sasa alikuwa analinda feza zangu. Ulitaka nimuandike wapi?

Jumapili hii nilisimama mbele ya wenzangu baada ya misa. Sikukaa. Nikawaambia yote. Nikafikiri watanipiga. Ndipo Maman Godelive akasema, "Eulalie, miaka tisa unatuamuru kama sista mukubwa, kumbe feza zetu umeziweka kwa marehemu?" Nikasema ndiyo. Akatazama wenzake. "Basi huyo marehemu ni muaminifu kuliko wazima wote ninaowajua. Hajakula hata franga moja." Wakaanza kucheka, na Adolphine akalia, yeye hulia kwa kila kitu.

Mutu wa kabini amekuja pia, kama ulivyosema. Alitaka kode na dolari makumi tano. Nimemufukuza na mufagio. Usiseme sisomi barua zako.

Zimebaki siku kumi na moja kwa Papa Cyprien. Karatasi ya komine, bado sijaenda. Nilifika mpaka mlangoni mara mbili.

Eulalie


Shabunda, tarehe 8 Juni 2024

Koko wangu,

Asinge. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya gunia uwanjani, ndege bado inavuma, sikungoja hata kufika nyumbani.

Na mimi nina neno nililolificha. Unakumbuka mshahara wangu wa kwanza, ule wa Kinshasa, mwaka 2019? Nilienda kwenye kabini kukutumia. Kabla ya kubonyeza, simu ikaniuliza: unataka kutuma kwa Xavier Murhula? Nilisimama pale, watu nyuma yangu wanasukuma, mmoja anasema, "Maman, tuma au toka!" Nikatuma. Nikaenda kando ya ukuta, nikalia, halafu nikafurahi. Mshahara wangu wa kwanza nilikuwa nimempa Babu. Tangu siku hiyo kila mwezi nimemtumia yeye, nikijua, na sikukuuliza hata mara moja. Niliogopa ukijua kwamba najua, utabadilisha.

Angalia sasa, Koko. Mimi ndiye mwenye shule, mimi ndiye mtafiti. Nimesafiri mpaka Shabunda kugundua jambo nililokuwa nalifanya mwenyewe kila mwezi. Kama ningefungua mdomo miaka mitano iliyopita, tungelirekebisha siku moja. Ripoti yangu inalaumu kampuni na wauzaji wa barabarani, na wanastahili. Sasa nimeongeza ukurasa juu ya sisi watoto tuliosoma, tunaojua na tunanyamaza.

Tonton Delphin ameniambia kitu. Anasema amekuona Kadutu tarehe 29 Mei, unauza vitenge. Vile vitatu vya Hollande vilivyo ndani ya sanduku, ambavyo ulikuwa unasema tukuzike navyo. Ni kweli? Na Papa Cyprien alisemaje?

Aurore


Bukavu, tarehe 21 Julai 2024

Mujukulu wangu, maman yangu, Aurore,

Asinge, asinge tena. Goti limetulia. Kiangazi kimekuja na vumbi lake, na bonde limekauka vizuri. Christine amezaa! Mutoto mwanamuke, kilo tatu na nusu, ana kichwa changu, watamushika kwa shida.

Delphin ana mudomo kama redio. Ndiyo, niliuza vitenge. Mutu aliyekufa hajui amevaa nini, lakini mutu mwenye njaa anajua hajakula. Feza yake haikutosha. Nikaenda nayo kwa Papa Cyprien, nikamuambia, "Hii ni nusu. Nusu ingine imeshikwa kwa mashine mpaka Julai. Ukipatia watu wengine bonde, nitakuja kila asubuhi kukaa mbele ya mlango wako, na mimi nina muda, sina mushahara." Akasema, "Maman Eulalie, lima." Alisema haraka sana.

Tarehe 3 Juni nilienda komine. Niliingia. Nilivaa kitambaa cheupe. Karani ni mutu muzima, ana miwani iliyofungwa na uzi. Akaniuliza jina la marehemu, nikasema. Tarehe ya kufa, nikasema, 9 Machi 2014. Akaacha kuandika. "Maman, ni miaka kumi. Kwa nini umechelewa hivi kutangaza?" Nikamujibu, "Sikuwa na haraka."

Akavua miwani. Aligonga muhuri polepole, mara moja tu, wengine wanagonga kama wanatwanga muhogo. Nilipotoka, nilinunua ndizi moja, nikaila nimesimama. Ilikuwa tamu. Nilishangaa.

Parokiani wametupata kwenye kitabu cha 1971, jina langu lote, hata alama ya kidole changu cha wino iko pale. Mashahidi walikuwa Godelive na Adolphine. Karatasi ya murithi ilichukua wiki tatu.

Tarehe 11 Julai tulienda kwenye buro ya kampuni. Sisi wote kumi na tano, na mizigo mgongoni, maana tulitoka moja kwa moja Nyantende. Tulikaa kwenye vile viti vya laini, vikajaa, wengine wakakaa chini. Harufu ya vitunguu ilijaa. Nilifika kwa binti wa kucha. Nikamuambia, "Nimekuja mwenyewe." Akasema, "Maman, foleni." Nikaomba mukubwa wa malalamiko. Akasema haiko. Nikamuambia, "Tutamungoja. Kabichi zinaweza kukaa wiki." Baada ya saa moja mukubwa akatokea, sijui alikuwa haiko wapi. Muke mwembamba, kimya. Nikampatia karatasi moja baada ya ingine. Halafu wenzangu wakasimama, mumoja mumoja, kila mutu na simu yake, wanasoma meseji: umetuma kwa Xavier Murhula, umetuma kwa Xavier Murhula. Wale wasiojua kusoma waliijua kwa kichwa. Ilikuwa kama litania.

Yule mukubwa akaniuliza kama nilimupenda. Sasa hilo ni swali la kampuni? Nikamuambia, "Ndani ya karatasi hizo iko wapi pa kuandika?" Akacheka, akaweka sahihi yake.

Feza ilitoka tarehe 18. Yote ilikuwamo. Papa Cyprien amepata nusu yake. Miche iko bondeni.

Wenzangu walienda Kadutu kutafuta vitenge vyangu, vilikuwa vimeshaenda. Wakanunua kimoja kipya, rangi ya moto. Godelive akakirusha kwenye mapaja yangu: "Hiki usikufe nacho. Kivae." Nakivaa.

Na nimepata namba mupya. Muuzaji aliomba karte. Nilifungua kitambaa, zote mbili zilikuwa humo. Nilitoa yangu.

Koko yako


Shabunda, tarehe 2 Septemba 2024

Koko wangu,

Asinge. Nimemwimbia mtoto wa mama mdogo wimbo wa kuzaliwa peke yangu, juu ya kilima, watu wa misheni wameanza kuniogopa.

Nimerudia barua yako ya Julai mara nyingi. Maman Francine aliniomba nimsomee ile sehemu ya komine. Halafu akaenda kuwaita wale wajane wengine watatu, nikawasomea tena, chini ya paa la jikoni lake. Ulipojibu, "Sikuwa na haraka," mmoja aliomba nirudie hapo. Wiki iliyofuata wawili walikwenda kwa karani. Mimi niliwaeleza kwa miezi sita na michoro. Wewe uliwaeleza kwa ukurasa mmoja.

Ripoti imekwisha. Narudi Bukavu tarehe 28, na tarehe 4 Oktoba nitaisoma mbele ya watu wa benki, watu wa kampuni za simu, na watu wa serikali. Tumeomba mambo machache tu. Wauzaji wa namba waangalie karte. Njia ya warithi ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Awepo mtu wa kumpokea asiyesoma, bila kumuuliza mbele ya foleni nzima. Habari yako iko katikati ya ripoti, ndiyo nguzo yake.

Chuo kina sheria: hatutaji jina la mtu aliyetupa habari, ili kumlinda. Kwa hiyo wewe umeandikwa "Mama E., mjane, miaka 71, komine ya Ibanda". Natuma karatasi ya kibali, weka sahihi chini, au kidole kama goti na mkono vimechoka.

Nitafurahi ukija siku hiyo. Vaa ile rangi ya moto.

Aurore


Bukavu, tarehe 15 Septemba 2024

Aurore,

Asinge. Kabichi ya kwanza ya bondeni imetoka, kubwa kama kichwa cha padri mupya. Christine alikuja na mutoto, amemupatia jina langu, sikumuomba, nilimuangalia tu. Watu wote wazima.

Godelive ametuma feza ya wiki ya kwanza kwenye namba mupya. Ilikuwa sokoni, saa nne, watu wamejaa. Simu yake ikalia. Nikamuambia asome. Akasoma: umetuma kwa Eulalie M'Birindwa. Nikamuambia sijasikia. Akasoma tena. Nikamuambia kuna kelele hapa. Akasema, "Eulalie, umesikia tangu mara ya kwanza, shetani wewe!" na akapanda juu ya kiti cha muuza samaki, akasoma mara ya tatu kwa sauti ya kanisani. Soko zima liligeuka. Jioni nilienda makaburini kumueleza babu yako kwamba nimemupumzisha kazi. Amefanya vizuri, nimemushukuru.

Kwenye buro ya kampuni wamebandika karatasi ukutani, kabla ya ripoti yako: mujane alete nini na nini. Nimesimama mbele yake nikaisoma yote, na foleni ikaningoja. Binti wa kucha amenipatia kiti. Nimekataa, lakini amenipatia.

Sasa neno lenyewe. Nimepokea ile karatasi ya kibali. Nani huyo Mama E.? Simujui. Miaka tisa nilijificha nyuma ya jina la mutu, kwa mapenzi yangu. Nimetembea miezi mitano na goti hili ili nitoke pale, nimesema mbele ya karani kile nilikuwa sitaki kusema. Sasa mujukulu wangu mwenyewe, niliyembeba juu ya kabichi, ananichukua ananiweka nyuma ya herufi moja? Kunilinda na nani? Na Papa Cyprien?

Uambie chuo nimesoma karatasi yao yote, na nyuma yake nimeandika ya kwangu. Nimeweka sahihi, si kidole. Kidole ni cha siku ya ndoa, nilikuwa na miaka kumi na minane, sasa nimekua. Na hilo neno mudhaifu, liache kama profesa analipenda, lakini liandike kando ya mlango, si kando yangu.

Tarehe 4 Oktoba nitakuja, nitakaa mbele, na wenzangu kumi na wanne nyuma yangu. Tutatoka moja kwa moja shambani, waambie wafungue madirisha. Wewe simama wima, usisome haraka, na ukifika pale katikati, sema jina langu lote. Kama nafasi kwenye karatasi haitoshi, punguza la kwako.

Eulalie M'Birindwa
mujane wa Xavier Murhula
mwenye namba